Mukeke Bila Unga

Mimi sikuzaliwa mpole, na vita havikunipunguza ukali hata kidogo. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba siku ile pale Magara nilinyamaza, jueni mambo yalikuwa mazito.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, barabara ya ziwani ikifungwa na kufunguliwa kama duka la mlevi. Nilikuwa natoka Bujumbura kwa dokta, narudi kwetu Rumonge kwa mume wangu Shafii, fundi cherehani. Tulipofika Magara askari wakasimamisha magari yote. Mbele kulikuwa na risasi, hakuna kupita. Tukauliza mpaka lini, wakatujibu, "Mutaambiwa." Tukashuka, kila mtu na mzigo wake, na mimi na wangu wa tumboni, wa miezi minne.

Mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Tangu usichana nilikuwa mtu wa kuharisha, kuvimba tumbo na kukonda, mpaka pete ya ndoa ikawa inanidondoka kidoleni. Shangazi zangu walisema nimerogwa, mama mkwe akasema najidekeza. Tulizunguka kwa mashehe na kwa waganga, mwisho nikaangukia kwa bibi mmoja wa Kibelgiji, dokta, ambaye hakuniuliza nani ananichukia. Aliniuliza ninakula nini. Chapati asubuhi, nikamwambia, mandazi saa nne, sambusa jioni. Mimi Mswahili wa Rumonge, nile nini tena? Akachukua damu yangu akaipeleka kwao kwa ndege. Jibu lilipokuja akaniambia ni ngano ndiyo inayonimaliza, inaukwangua utumbo kwa ndani hata chakula kinapita tu bila kuniachia kitu. Niache ngano yote, maisha yangu yote. Nikauliza, hata kipande kidogo? Akasema hata vumbi lake.

Nikaacha. Nikanenepa, damu ya mwezi ikarudi, kisha nikashika mimba. Safari hii alinipima akatabasamu, halafu akakunja uso. "Mtoto anakua vizuri," alisema. "Ukirudia ngano sasa, siwezi kukuahidi kitu."

Maneno hayo ndiyo niliyoshuka nayo Magara.

Hoteli iliyokuwa wazi pale ni moja tu, ya Mama Ange, jina lake mwenyewe Généreuse, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Askari walikuwa wamekataza kuvua usiku, kwa hiyo samaki wachache waliopatikana waliishia kwake. Walikataza pia kuwasha moto nje, basi sisi wasafiri hatukuwa na pa kuteleka sufuria. Ukitaka kula cha moto, ni kwa Mama Ange au ulale na njaa.

Jioni ya kwanza nikaingia. Wavuvi walikuwa wamejaa, na wasafiri wenzangu. Akaniwekea mukeke wa kukaanga, mzuri jamani, lakini amevaa koti la unga kutoka kichwani mpaka mkiani.

"Mama," nikauliza taratibu, "huyu samaki ana unga wa ngano?"

"Iko kidogo tu, ndiyo inamufanya akauke muzuri."

"Murakoze, asante, basi sitaweza. Hakuna kitu kingine?"

Akautazama ushungi wangu, akacheka. "Aaa, unaogopa nguruwe! Mudada, nguruwe hajapita mu jikoni yangu hata siku moja. Naapa mbele ya Mungu!"

"Siyo nguruwe, mama."

"Basi ni nini?"

Ningesema nini? Nianze kueleza habari za choo mbele ya wanaume wanakula? Nikasema sina hamu. Nani anaingia hotelini, anakaa, anaagiza, halafu anasema hana hamu? Kicheko kikamtoka usoni.

Kwetu anayekupa chakula au kinywaji huonja yeye kwanza, nawe unamwona, ndipo unapokea. Ni desturi ya zamani, ila miaka ile ya vita watu waliifuata kwa macho makavu. Généreuse alimega ubavu wa yule samaki, akautia mdomoni, akatafuna polepole, akameza. Kisha akafungua mdomo waone wote.

"Nimeonja," akasema. "Sasa kula."

Ukishaonjewa ukikataa tena, umemwita mwenzako mchawi mbele ya watu. Nililijua hilo tangu utoto wangu. Nikamtazama yule samaki, nikawakumbuka wale wawili niliowapoteza, mkono ukagoma.

"Siwezi, mama. Nisamehe."

Mvuvi mmoja akasukuma sahani yake. Mwingine akasimama, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Généreuse akaichukua sahani yangu.

"Toka," akaniambia.

Nikatoka, na mimi ninayejibu hata askari, sikufungua mdomo.

Nikakaa katika chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, nakula ndizi mbivu. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi mpaka nikamchukia aliyeipanda. Barabara haikufunguliwa. Siku moja nilikwenda ziwani kuteka maji, nikainama, dunia ikazunguka, nikajikuta nimepiga magoti kwenye mchanga na ndoo inaelea. Hapo nikaogopa kweli. Halafu nikakasirika, na mimi hasira hunifaa kuliko dawa. Nimekimbia ngano nisimpoteze mtoto, sasa nimuue kwa njaa kwa sababu naona haya kutaja tumbo langu? Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na mimi kuzaa nilikuwa nimeazimia.

Nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda kwa Mama Ange saa sita ya mchana makusudi, watu wawepo. Walikuwepo, ila wachache kuliko siku ile, na nilijua ni kwa sababu yangu. Sikukaa. Nikasimama katikati.

"Amahoro, jamani. Mimi naitwa Chausiku, wa Rumonge, mke wa Shafii fundi. Juzi nilikataa chakula cha mama huyu. Hana sumu, wala siogopi uchawi. Mimi ni mgonjwa. Ngano ikinigusa tumbo, naharisha wiki nzima, na nina mimba, na nimeshapoteza mbili."

"Unaharisha kwa mandazi?" kijana mmoja akaangua kicheko.

"Ndiyo, naharisha! Wewe hujawahi? Au kwenu mnakwenda chooni kuimba?"

Watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Généreuse hakucheka. Akanikamata mkono, akaniingiza jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Sikia, mudada," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Mwaka jana muvuvi mumoja, Aristide, alikula hapa, akaenda kwake, akafa na kipindupindu. Walisema ni mie nimemuroga. Nilikaa na sufuria kavu mpaka mutoto wangu Ange akaacha masomo. Watu wameanza kurudi, ukaja wewe. Sasa unataka nikupikie? Na ukianguka? Watanichomea nyumba."

Sikuwa nimejua. Niliona aibu, lakini njaa ya mtoto ilikuwa mbele ya aibu.

"Nisipokula nitaanguka vilevile, mama, na watasema ulininyima. Nipikie nikiwa nakuona. Kosa likitokea ni letu wawili."

Akanitazama tumboni. Kisha akavuta kikaango.

"Hayo mafuta umekaanga nini?" nikauliza.

"Mandazi, asubuhi."

"Basi hayo hapana."

"Hata mafuta? Yebabawe! Tumbo gani hilo, la Muzungu?"

"La Rumonge, mama, ila lina kiburi."

Hapo midomo ikamcheza kidogo. Akamwaga mafuta yale kwenye kopo, akasugua kikaango kwa majivu na mchanga, nikakisuuza mimi, nikakitazama kwenye mwanga, nikamrudishia akisugue tena. Akanitukana kwa Kirundi. Akasugua. Kisu tukakiosha, ubao tukauacha kabisa, samaki nikamkatia juu ya jani la mgomba. Akafungua mawese mapya, yakanukia jikoni nzima. Nikamwonyesha kwamba mukeke akipakwa chumvi tu na kukaushwa kwa kitambaa safi, na mafuta yakiwa ya moto sawasawa, hashiki kikaango. Hakuamini mpaka alipomgeuza. Bugali wa muhogo akausonga kwenye sufuria nyingine, kwa mwiko alioutoa kwenye sanduku la nguo zake.

"Ni wa arusi yangu," akasema. "Haujagusa kitu."

Tukatoka. Nikakaa meza ya katikati, akaniwekea sahani, na watu wote wakageuka. Généreuse akanyoosha vidole amege, aonje. Nikaushika mkono wake.

"Usionje, Mama Ange."

"Nini?"

"Usinionjee. Nakula hivyohivyo."

Huko Burundi, mwaka ule, sijui kama kuna mtu mwingine aliyelisema neno hilo hotelini. Mkono wake ulibaki hewani. Nami nikamega bugali, nikachota samaki, nikala. Niliogopa, sitawadanganya, maana jicho halioni vumbi la unga, na mtoto wangu alikuwa hana mwingine wa kumlinda. Nikala mpaka kichwa, nikanyonya mifupa. Yule kijana wa mandazi akaita naye apewe wa bila unga.

Usiku ule nilijifunika nikasubiri. Kila tumbo lilipolia nilikaa kitako. Nikasali, nikalala, nikaamka, nikajipapasa. Maumivu hayakuja.

Kulipopambazuka mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta Généreuse, kichwa wazi, miguu ina umande, kitenge amekifunga vibaya.

"Uko muzima?" akauliza.

"Niko mzima."

Akaonyesha tumbo kwa kidevu. "Na huyo?"

"Na huyu."

Akaketi pale kizingitini kwa kishindo, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sikulala," akasema. "Nilikuwa nasikiliza kama kuna watu wanakuja na moto."

Nikapandwa na hasira, mimi na tabia yangu. "Kwa hiyo jana ulinipikia huku unaogopa hivyo?"

"Niliogopa sana. Nikapika."

Hasira ikaniisha. Nikaketi kando yake, mabega yakagusana, na kwa mara ya kwanza tangu nishike mimba hiyo nikalia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Hakuninyamazisha. Nilipomaliza alisimama, akajifunga kitenge upya, akaniuliza nitakula nini mchana.

"Sangala," nikasema, "kama iko."

"Iko," akasema, akaenda kusugua kikaango.