Majina Sabini na Mawili ya Tjitske

Mke wangu Tjitske aliandika siku za kuzaliwa za watu kwenye kalenda ya chooni, kama kila nyumba hapa Dokkum, kaskazini mwa Uholanzi. Majina sabini na mawili. Alipofariki Machi, nilishusha programu ya bure ya kuhifadhi anwani, nikayahamishia humo yote. Ukibofya jina, kompyuta inapiga simu yenyewe. Ukibofya kwingine, inaingia intaneti kuchukua barua pepe. Rahisi huvunja upishi, lakini mimi nilijiona mjanja.

Tarehe sita Novemba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Tjitske, ya kwanza bila yeye. Kwetu hapongezwi mwenye siku peke yake. Hupongezwa pia mumewe, wanawe, hata jirani aliyekuja na maua. Nilitaka kujua kama yupo atakayenikumbuka mimi niliyebaki. Sikuwa na haja nyingine duniani. Nikanunua keki, nikapanga viti duara sebuleni. Mjinga mimi.

Saa mbili asubuhi niliingia intaneti, nikaiacha kompyuta humo humo kutwa ili barua yoyote isinipite. Barua haikuja. Simu nayo kimya. Kufika saa tisa nikaanza kuwatukana kwa majina, mmoja mmoja, kama walivyopangwa kwenye kompyuta. Shemeji yangu Douwe, aliyekula mezani kwetu kila Jumapili miaka thelathini! Nilipofika kwa binti yangu Hylkje sikutukana. Niliumia tu.

Saa kumi na moja nikatoka kwenye intaneti, nikabofya jina lake.

"Afadhali!" akasema. "Baba, simu yako inatumika tangu asubuhi! Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu. Mjomba Douwe naye kachoka."

Nikautazama waya wa ukutani, unaopita kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye simu. Laini ya simu na ya intaneti ilikuwa moja, na aliyeifunga ni mimi.

"Nilikuwa stesheni na begi langu, nije nikushtue," akaendelea. "Kila nikipiga, unaongea. Nikasema, kumbe mzee ana watu wake leo, nisimsumbue. Nikarudi nyumbani. Nimefurahi, baba, we acha tu."

Maastricht anakokaa ni mbali. Neno moja la kweli lingemrudisha stesheni jioni ile ile. Lakini tangu Machi sikuwa nimemsikia na sauti nyepesi namna ile.

"Kwani walipiga wengi?" akauliza.

"Wengi mno, mwanangu," nikasema. "Koo limenikauka."