Landrova ya Plastiki

Mimi sina subira na binadamu. Subira yangu yote nimewapa mbu. Mwaka wa ishirini na sita huu nakaa kwenye kiti kile kile hapa Ifakara, nimeinamia darubini, nikiwa na kibano mkononi, nawatenganisha mbu walionaswa Namawala na vijiji vya jirani: jike huku, dume kule, aliyeshiba huku, mwenye njaa kule. Nipe mbu aliyekatika miguu mitatu nitakutajia ukoo wake. Lakini mtu akinisimulia habari ndefu bila kufika kwenye neno lenyewe, namkatisha. Nyamizi, ambaye meza yake imegusana na yangu miaka yote hiyo, husema siku ya kiama nitamwambia hata malaika afupishe.

Kwa hiyo na mimi nafupisha. Mwezi wa pili daktari wa macho alimpima baba yangu, Mzee Eustaki, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwisha. La kulia limebaki na tundu katikati, anaona kama anachungulia kwenye bomba, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa ya matone itachelewesha lakini haitarudisha kitu. Nikamuuliza, muda gani? Akasema labda miezi, labda mwaka, hapendi kunidanganya.

Tulirudi nyumbani Mlabani kwa bajaji. Baba ana miaka themanini na miwili, na maisha yake yote alikuwa dereva. Akipanda chombo cha mtu mwingine, mguu wake wa kulia huwa unatafuta breki njia nzima. Siku hiyo mguu ulitulia. Nilipomshika mkono kumteremsha akasema:

"Konso, lile gari bado lipo?"

"Gari gani, baba?" Nilijua ni gari gani, nilijifanya tu.

"La plastiki. Limalizie, mama. Nataka nilione likiwa zima kabla taa hazijazimika."

Katika nyumba yetu hilo gari lilikuwa halitajwi. Halikutajwa kwa miaka thelathini na nane, na aliyesababisha ni mimi.

Enzi hizo baba alikuwa akiendesha Landrova ya kliniki ya mkoba, ile huduma ya kupima watoto na wajawazito vijijini. Leo Mbingu, kesho Namawala, keshokutwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo hakukuwa na daraja, ilikuwa kivuko, na kivuko kikiharibika mnalala huko huko. Mama yangu, Evelina, alikuwa muuguzi kwenye gari hilo hilo. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata daktari wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wao alirudi kwao, na kabla hajaondoka alimpa baba boksi. Ndani kulikuwa na Landrova kama ile yao, ila ya plastiki, vipande vipande, ya kuunganisha mwenyewe kwa gundi. Ikikamilika ingekuwa na urefu wa nusu mkate.

Basi kila Jumapili tukitoka misa, tukishakula, baba anatandaza gazeti mezani na mimi namshikia vipande. Jamani, zile Jumapili! Redio inaimba chinichini, harufu ya gundi inapanda puani, na baba, ambaye tangu msiba alikuwa haongei, anaongea. Anapachika springi huku ananiambia, "Hapa tunasubiri kivuko, Konso, kina mama wanakuja na perege wa kukaanga." Anapachika ekseli, "Hapa tumenasa kwenye tope, tunaitafuta trekta." Mimi nilikuwa nayaona yote. Niliona kabisa tope linaruka. Mtoto niliyefiwa na mama, hakuna mahali nilipokuwa na raha kuliko kwenye ile meza, na ninasema wazi kwamba mpaka leo sijapata raha ya aina ile.

Halafu Jumapili moja baba aliitwa msibani Sanje. Nikaona nimfurahishe. Nikachukua karatasi ya maelekezo, nikatafuta usukani, nikaugundisha pale pale karatasi ilipoonyesha, na pedeli zake tatu chini, safi, bila gundi kuchuruzika. Baba alirudi jioni. Akainama akatazama. Hakuwahi kunipigia kelele kabla ya siku ile, na hajawahi tena baada ya hapo. "Nani kakwambia uguse? Nani?" Akakusanya kila kitu kwenye boksi, akalifunga kwa kamba ya katani, akalitupa kwenye sanduku lake la bati. Jumapili iliyofuata alilala mchana. Na iliyofuata vilevile.

Nimekua, nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, na hiyo "Nani kakwambia uguse" bado naisikia. Sasa mnaelewa kwa nini nilijifanya sijui ni gari gani.

Boksi lilikuwa chini kabisa ya sanduku, limeliwa na mende. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imebaki robo. Plastiki ilikuwa imegeuka njano na kukauka, ukiibana vibaya inapasuka. Matairi ya mpira yalikuwa yamelalia boneti miaka yote hiyo na joto letu hili, moja likayeyuka likang'ang'ania, likaacha kovu. Yesu na Maria! Nilikaa nikaliangalia nikasema, Konsolata, hapa umepatikana.

Lakini nilijua kazi ya vitu vidogo. Niliazima kibano changu kazini, nikaweka taa ya mezani, nikaanza. Kila kipande nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakisugua kwa mswaki wa mtoto. Tairi lililoharibika nilichonga jingine kwa wembe kwenye soli ya ndala. Boneti niliipiga msasa laini siku tatu mpaka kovu likabaki kivuli. Rangi nayo ilinitoa jasho. Nilijaribu kwanza rangi ya kucha kwenye kipande cha kutupa, plastiki ikajikunja kama nyama kwenye mafuta. Nikajaribu ya geti iliyozimuliwa kwa thina, ikawa mbaya zaidi. Mwisho nikatumia rangi ya maji ya ukutani, kijani ya kuchanganya mwenyewe, koti baada ya koti, na paa jeupe.

"Mama Lukelo," Nyamizi alinitania, "hivi ukimaliza utatupeleka na sisi mnadani?"

"Kwa makalio hayo hutoshi," nikamwambia.

Alicheka, lakini kila asubuhi aliuliza nimefika wapi. Alijua nashindana na nini. Mwezi wa tatu baba alikuwa anaiona sahani nzima. Kufikia Pasaka alikuwa anamwona samaki, wali anaupapasa.

Usukani sikuugusa. Nilifikiri, kwa akili yangu, kwamba kosa langu lilikuwa kuingilia kazi yake, na kwamba akiliona gari zima, limependeza, yataisha. Jumatatu ya Pasaka nikampelekea barazani, kwenye mwanga mzuri.

"Shikamoo baba. Gari lako limefika."

"Marahaba." Akalipokea kwa mikono miwili. Akalisogeza karibu na jicho, akalipitisha polepole mbele ya lile tundu lake, taa, boneti, kioo. Hapo jicho likasimama. Uso ukamshuka.

"Usukani uko kushoto," akasema, akanirudishia.

Hasira zilinipanda mpaka kisogoni. Mimi nina mdomo, sikatai, ila kwa baba nilikuwa nimeufunga tangu utoto. Siku ile kufuli lilikatika.

"Baba! Miezi miwili nimeharibu mgongo kwa ajili ya hili dude! Karatasi ndivyo ilivyoonyesha, kwao huko ndivyo wanavyoendesha! Nilikuwa na miaka kumi! Nilitaka ufurahi! Usukani, usukani, ukiwa kushoto umekuua nini?"

Jirani alikuwa ameacha kutwanga ili asikie vizuri. Baba akaanza kusema taratibu, na kwa mara ya kwanza sikumkatisha mtu.

"Mimi nilikuwa nakaa kulia," akasema. "Yeye alikuwa anakaa kushoto. Ukiweka usukani hapo, mama yako atakaa wapi?"

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Nilikuwa natafuta namna ya kuuhamisha," akaendelea. "Nilikuwa bado sijaipata. Niliporudi Sanje nikakuta umeshagandishwa, nikaona kama wamemshusha. Hasira haikuwa juu yako, Konso. Ulikuwa umeuweka vizuri sana. Nilishindwa kurudi nyuma nikakwambia."

"Ungesema, baba," nikasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Miaka thelathini na nane! Neno moja tu ungesema!"

"Ningesema," akakubali. "Nisamehe, mama."

Nililia pale pale barazani kama mtoto aliyepotea mnadani, jirani akisikiliza, na sikujali.

Kesho yake nikaanza kulivunja. Gari limekamilika, limepakwa rangi, na mimi nalifungua upya kwa wembe. Nyamizi alipoona picha kwenye simu alishika mdomo. Gundi yangu mpya ilikuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, paa lilitoka na ufa, kioo kimoja kikapasuka nikakata kingine kwenye chupa ya maji. Usukani wa mwaka ule ulinipa tabu kuliko vyote. Nilikuwa nimeugundisha kwa moyo wote, na haukutaka kutoka. Nilipitisha wembe milimita kwa milimita, jioni tatu, pumzi nimebana. Ungekatika, sikuwa na mwingine, na jicho la baba lisingesubiri niutafute. Ulitoka Ijumaa, mzima. Nikapasha sindano moto, nikatoboa tundu jipya kulia, nikaupachika. Nikampigia baba kelele kutoka ndani kwamba umekaa.

"Pedeli je?" akauliza.

Nilisahau pedeli! Dereva hasahau pedeli. Nikarudi nikazihamisha zote tatu, moja ikaruka nikaitafuta sakafuni kwa magoti saa nzima.

Wakati huo watu walikuwa wanavuna, mji mzima umejaa vumbi la mpunga, na baba alikuwa hamwoni tena hata samaki, anaona kipande cha samaki. Daktari alibadilisha dawa. Nikawa naomba: Mungu, zuia kidogo tu, wiki mbili tu, sikuombi uponyaji. Mlango wa kushoto nikauacha na bawaba zake, bila gundi, kwa sababu baba alitaka ufunguke.

Jumapili, baada ya misa ya pili, nikamkalisha barazani jua likiwa mgongoni kwake. Niliweka gari kwenye viganja vyake na mlango wa kushoto ukiwa wazi.

Akalisogeza karibu na jicho mpaka kope zikagusa bati, yaani plastiki. Kwanza sikuwa na hakika kama anaona. Alilipitisha mkono kwa mkono, polepole, akirudi nyuma, akianza tena. Kisha midomo ikaanza kusogea. "Taa. Boneti. Usukani, eh, huo. Klachi. Breki. Mafuta." Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza chini ya kiti. Halafu akaligeuza, akafika kwenye kiti cha kushoto, na hapo hakusogea tena. Sijui ni dakika ngapi. Mimi niliyewakatisha watu wote wa Ifakara, niliomba tu asimalize.

"Huu mlango," akasema mwishoni, jicho bado liko ndani, "niligonga kisiki njia ya Mbingu ukapinda. Ikawa lazima uubamize ndipo ufunge. Mama yako hakuwa mtu wa kubamiza vitu. Anausukuma taratibu, haufungi, ananiangalia. Basi mimi nashuka, nazunguka mbele ya gari, naubamiza, narudi kwenye usukani. Kila kijiji, hata mvua inanyesha. Miaka minne."

"Gereji hawakuweza kuunyoosha?"

"Walitaka. Fundi aliniita mara tatu, niulete, ni kazi ya nusu saa."

"Na hukuupeleka?"

Baba aliondoa jicho kwenye gari, akanigeuzia uso akishangaa kwamba mtu mzima naweza kuuliza swali kama hilo.

"Niupeleke ili iweje?" akasema. Akatafuta mlango kwa ncha ya kidole, akaufunga.