Damu ya Adila

Mwinyijuma alifika nyumbani kwake Bagamoyo Alhamisi alasiri, nguo zikinuka dizeli, na kitu cha kwanza alichokiona uani ni shati la shule la mwanawe limelowekwa kwenye beseni. Maji ya beseni lile yalikuwa mekundu.

Alikuwa fundi wa malori Chalinze. Wiki nzima alikuwa akilala huko huko gereji, akirudi kwa ajili ya Ijumaa, kisha akiondoka tena. Mke wake wa kwanza alifariki Adila akiwa bado hajajua kusema vizuri, na mtoto akalelewa na shangazi yake Tatu, nyumba ya pili kutoka hapo. Baadaye Mwinyijuma alimwoa Habiba, binti wa watu wa Miono, na Adila, ambaye sasa yuko darasa la pili, akahamia kwa mama yake wa kambo.

Tatu hakulipenda jambo lile, ingawa hakuwahi kusema wazi. Alhamisi hiyo alimdaka kaka yake njiani kabla hajafika kwake.

"Mwinyi, mimi sipendi maneno, lakini watu wana macho. Mtoto anatoka damu kila mara. Juzi foronya, leo shati la shule. Mimi nimekaa naye miaka yote ile, sikuona hata tone. Jiulize mwenyewe."

Mwinyijuma alijiuliza kwa hatua zile chache tu za kutoka pale mpaka mlangoni kwake. Alipoyaona yale maji mekundu, akawa amekwisha kujijibu.

"Hii ni nini?" alimuuliza mkewe.

"Ni pua, baba Adila," Habiba alisema. "Imemtoka tena, leo shuleni."

"Pua inatoka damu yenyewe tu?"

"Inatoka. Joto hili, na vumbi la hii barabara. Nilishakwambia."

"Hukuniambia kitu."

Habiba alianza kueleza, lakini mumewe hakungoja. Mwinyijuma akamwita mtoto. Adila akatoka ndani na gauni la nyumbani, puani kuna utando wa damu iliyokauka.

"Nani kakupiga?"

Mtoto hakuizoea sauti ile kwa baba yake. Alirudi nyuma kidogo, kisha akageuza uso kumtazama Habiba. Mwinyijuma aliliona jicho lile na akalisoma alivyotaka mwenyewe: mtoto anaomba ruhusa ya kusema, na hapewi.

"Fungasha," alimwambia mkewe. "Nenda kwa wazee wako mpaka nitakapokuita."

Talaka hakuitamka. Lakini mwanamke aliyetolewa nyumbani mchana, na begi mkononi, majirani wako vibarazani, haulizwi kama ameachwa au hakuachwa. Habiba hakulia mbele yake. Alikunja nguo zake, akajitanda, na alipofika mlangoni akageuka.

"Nikishaondoka, muulize tena mtoto," alisema. "Ila usimuulize kwa sauti hiyo."

Mwinyijuma hakumuuliza.

Adila alirudi kwa shangazi yake. Kila Mwinyijuma alipopiga simu kutoka Chalinze, Tatu alimpa habari ile ile: "Tangu aondoke yule mwanamke, hata tone." Naye akarudi chini ya lori lake moyo umetulia, akijisifu kwamba ameona mapema. Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Zamani mtoto alikuwa akimkimbilia njiani, akimpekua mifuko kutafuta ubuyu. Sasa alimsubiri mlangoni, akamwamkia, "Shikamoo, baba," akajibu kila swali kwa neno moja na kurudi ndani. Mwinyijuma alisema moyoni kwamba ni machungu ya yale aliyotendewa, yatapita.

Ijumaa moja, baada ya sala, walikuwa wanakula pilau kwa Tatu. Joto la kaskazi lilikuwa kali, hata upepo ukivuma ulileta mchanga tu. Adila aliweka tonge chini ghafla, akafunika uso kwa kiganja na kutoka nje. Akakawia.

"Watoto hao," Tatu alisema. "Keshakwenda kucheza."

Mwinyijuma alitoka kunawa mikono. Nyuma ya bafu akasikia mtu anakohoa taratibu, kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika. Akazunguka. Adila alikuwa amechutama kati ya ukuta na pipa la maji, kichwa amekirudisha nyuma, tambara limesokomezwa puani, anameza. Tambara lilikuwa limelowa chapachapa. Chini ya miguu yake kulikuwa na mengine, yamekauka na kukakamaa, yamefichwa chini ya tofali.

"Adila!"

"Haitoki, baba," mtoto alisema haraka, na damu inamshuka mpaka kidevuni. "Imeshaisha."

"Imeanza lini? Kwa nini unajificha huku?"

Adila akamshika kanzu. "Baba, usimfukuze shangazi. Hajanipiga. Hakuna aliyenipiga. Hata mama hakunipiga. Inatoka yenyewe tu."

Mwinyijuma alimnyanyua, akamlaza mapajani, akamrudisha kichwa nyuma zaidi, kama alivyokuwa akifanyiwa yeye utotoni, akaanza kummwagia maji utosini. Tatu alikuja mbio na mwiko mkononi, akapiga yowe. Damu haikukata. Mtoto alikabwa, akajipindua na kutapika damu nyeusi kwenye kanzu ya baba yake.

Baba na mwana wakapanda bodaboda mpaka zahanati. Daktari wa zamu, mwanamke kijana aitwaye Mina, alipowaona mlangoni hakungoja maelezo.

"Mwinamishe mbele! Mbele, siyo nyuma. Ukimlaza hivyo anaimeza yote, ndiyo maana anatapika."

Alimkalisha Adila kitini, akamwinamisha juu ya bakuli, akazibana tundu zote mbili za pua kwa vidole viwili, pale chini penye nyama laini. "Pumua kwa mdomo, mwanangu. Usiogope. Baba, njoo ushike wewe. Bana hapa, usiachie kuchungulia. Nitakwambia wakati."

Mwinyijuma akashika. Vidole vyake vilivyozoea spana vilikibana kipua kile. Hakuwahi kukigusa tangu mtoto alipokuwa mchanga. Alipoambiwa aachie, damu ilikuwa imekata.

Daktari alimulika puani na kurunzi ndogo. "Mishipa yake iko juu juu, na ndani pamekauka, pamechubuka. Watoto wengi huwa hivi. Vumbi, joto, mafua, na hivi vidole," akaugusa mkono wa Adila, "kuchokonoa." Kisha akamtazama mtoto vizuri. "Wewe nakukumbuka. Mama yuko wapi leo? Yule aliyekuleta wakati wa mvua za vuli?"

Adila alimtazama baba yake. Mwinyijuma akasema, "Yuko kwao."

"Nilimwambia ikirudia rudia amlete tumpime damu, tujiridhishe. Alisema atazungumza na mumewe kwanza."

Hapo ndipo alipoikumbuka simu moja ya mkewe, wakati ule wa vuli. Alikuwa chali chini ya lori, simu ameiweka sakafuni, mwenzake anamngojea ashike boriti. Habiba alikuwa akieleza habari ya Adila, na daktari, na kupima. Naye alijibu, "Sawa, sawa, tutaongea nikija." Alipokuja alikuwa amechoka, akala, akalala, na Ijumaa kulikuwa na mpira. Mkewe alikuwa amemwambia kweli, naye alimkana.

Adila alipimwa, na damu yake haikuonekana na tatizo. Daktari aliwapa maelekezo: mafuta ya mgando kidogo puani asubuhi na jioni, kucha zikatwe, feni isimpige usoni, na damu ikikataa kukata warudi mara moja. Mwinyijuma aliitikia kila neno. Lakini alichokuwa akikisikia ni mtoto anayeomba shangazi yake asifukuzwe.

Walirudi kwa miguu, taratibu.

"Siku ile nilipokuuliza, kwa nini hukusema?"

"Nilimwangalia mama aseme yeye," Adila alijibu. "Wewe ulikuwa umekasirika. Halafu nikaona damu yangu ndiyo imemfukuza."

Mwinyijuma alisimama kando ya njia, akajifanya anafunga kiatu.

Tatu alipoelezwa alianza kukusanya vyombo vya pilau. "Mimi nilisema nilichokiona," alisema mwishowe.

"Hukukiona, dada. Wala mimi sikukiona."

Kesho yake Mwinyijuma alimchukua mtoto, wakapanda basi mpaka Msata, wakaunganisha hadi Mandera, na kutoka hapo bodaboda mpaka Miono. Mzee Mtoro, baba yake Habiba, alikuwa uani akianika ufuta kwenye turubai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni. Habari za Bagamoyo?"

Waliletewa maji na viti. Mzee aliuliza habari za safari, za kazi, za mvua. Upole ule ulimchoma Mwinyijuma kuliko ambavyo angetukanwa. Mwishowe alishuka kitini, akakaa chini mkekani.

"Baba, nimekuja kusema mbele yako. Nilimtuhumu binti yako kwamba anampiga mtoto. Hakumpiga. Alikuwa akimuuguza, na aliniambia, nami sikumsikiliza. Nimemdhalilisha mbele ya watu bila kosa."

Mzee Mtoro aliendelea kutandaza ufuta kwa kiganja. "Uliyemkosea si mimi. Mwenyewe huyo hapo."

Habiba alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Adila hakungoja kuambiwa. Alimrukia kiunoni, ungo ukaanguka. Habiba alimwinua kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamchungulia puani kama ambaye hakuwahi kuondoka.

"Umepachubua. Unachokonoa?"

"Kidogo," Adila alisema, akaanza kulia.

"Nisamehe, Habiba," Mwinyijuma alisema.

Habiba alimfuta mtoto machozi kwanza. "Ungeniuliza mimi ningekueleza. Ungemuuliza yeye kwa upole angekueleza. Hukutuuliza hata mmoja." Akauokota ungo. "Kwa ajili ya huyu nitarudi. Kukusamehe wewe, sijui bado. Usinihimize."

"Sitakuhimiza."

"Na wale walioniona nikitoka, uwaambie wewe. Siyo mimi."

Aliwaambia. Ijumaa iliyofuata alipita kibaraza kwa kibaraza, na Tatu nyuma yake, akasema, "Mke wangu hakuwahi kumpiga mtoto. Nilimsingizia." Wengine waliinamisha macho, mmoja alicheka. Hakuna lililokuwa jepesi, lakini alilimaliza.

Habiba alirudi, akapika, akamfanyia Adila kila kitu. Ila kila pua ilipomtoka mtoto, hakumgusa. Alirudi nyuma, mikono ameikunja kifuani, akaita kwa sauti: "Jamani, njooni mshuhudie!" Mwinyijuma akiwapo alikimbilia yeye. Asipokuwapo aliitwa jirani yeyote, na mtoto alingoja damu ikichuruzika. Hakumlaumu mkewe. Aliomba gereji wampunguzie siku, akawa nyumbani zaidi, na kila alipolisikia neno lile "mshuhudie" aliliona kama kofi analostahili.

Kaskazi ilipoisha na masika kuanza, damu ilipungua. Alasiri moja mvua ilikuwa ikinyesha, Mwinyijuma yuko chumbani anatengeneza pasi iliyokufa. Alisikia Adila akisema uani, "Mama, inatoka." Akaacha bisibisi, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Alitoka polepole akasimama kizingitini.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka chini ya bati, mtoto ameinama mbele, vidole vya Habiba vimembana pua. Adila alikuwa akisimulia kisa cha shule kwa sauti ya kukabwa, na Habiba anamwambia anyamaze apumue, huku mwenyewe anacheka.

Habiba aliinua macho, akamwona mumewe pale.

"Tunakaribia kumaliza," alisema.

Mwinyijuma aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusogea akae nao, lakini hakuthubutu. Akabaki amesimama pale pale, mpaka Habiba aliposogea kidogo kwenye mkeka, bila kumtazama, akaacha nafasi.