Kodi ya Chuo Kilichofungwa

Mama Taipu alikwenda benki kutoa pesa za kuezekea jiko, akatoka mikono mitupu. Karani wa dirishani aliitazama skrini, akamtazama yeye, akairudia skrini kama mtu anayetafuta njia ya kusema jambo bila kulisema.

"Mama, akaunti yako imezuiwa. Amri imetoka ofisi ya kodi."

"Kodi ya nini, mwanangu? Mimi hata genge la nyanya sina."

"Hilo sijui, mama. Nenda ukawaone wenyewe."

Akaenda kuwaona siku hiyohiyo, roho juu. Na huko akaambiwa jambo lililomfanya aangue kicheko mbele za watu: kwamba kwa jinsi wanavyojua wao, chuo chake cha upigaji chapa bado kipo, kinafundisha, tena kila mwaka kinazidi kunona. Kwa kuwa hakuwa akipeleka ritani, ile taarifa ya mapato yake ya kila mwaka, ofisi ilikuwa ikimkadiria yenyewe, na juu ya makadirio ikapachika faini, na juu ya faini riba. Alipooneshwa jumla yake, kicheko kikamkauka mdomoni. Chuo kile hakikuwahi kuingiza pesa kama hiyo hata enzi za neema, wanafunzi walipokuwa wakigombania viti.

"Barua tulikuwa tunakutumia, mama," alisema aliyempokea.

"Mlituma wapi?"

Akatajiwa sanduku la posta ambalo ufunguo wake aliurudisha zamani, siku chache tu baada ya kufunga chuo. Mama Taipu akanyanyuka, akaaga kwa adabu zake zote, na alipofika nje akaketi kwenye ukuta mfupi wa maua kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

Mfamasia wa mtaani kwake, ambaye naye aliwahi kukorofishana na watu wa kodi, ndiye aliyemwelekeza kwa wakili. "Usijibizane nao peke yako," alimwambia. "Wana sheria zao. Nenda na mtu anayezijua."

Wakili mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye tabia ya kusukuma miwani juu ya paji kila alipotaka kusikiliza, kana kwamba macho yalikuwa yakimzibia masikio. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu, na harufu ya ngozi na gundi ilipanda mpaka kwenye meza yake. Alizisoma karatasi za Mama Taipu moja moja bila haraka.

"Hili deni si la pesa uliyopata, mama," alisema hatimaye. "Ni la pesa wanayodhani umepata. Wanaruhusiwa kukadiria mtu akinyamaza. Lakini nawe unaruhusiwa kupinga. Muda wa kupinga umepita, kwa hiyo kwanza tutaomba waturuhusu kuchelewa, maana barua hazikukufikia. Halafu tuwaoneshe kwamba chuo kilikufa, na kilikufa lini. Sasa nieleze. Kilifungwa lini?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Lakini Mama Taipu alikuwa hajaulizwa habari za chuo na mtu yeyote kwa miaka mingi, na lilipofunguliwa bomba, maji yakatoka yote.

Alimweleza chumba kile cha ghorofani, na madirisha yake marefu yaliyoingiza jua la asubuhi mpaka ubaoni. Alimweleza jinsi marehemu mume wake, fundi seremala, alivyochonga meza zote kwa mkono wake, kila meza na ukingo mdogo pembeni ili mashine isitambae kwa kishindo cha vidole. Asubuhi darasa likianza, mlio wake ulisikika mpaka barabara ya pili, kama kuku kundi zima wakidonoa mahindi juu ya bati. Wanafunzi walipiga chapa huku vidole vimefunikwa kwa kitambaa, wasichungulie herufi. Aliyechungulia alisimamishwa, akaimba alfabeti ya kibodi kwa mpangilio wake, wenzake wakimcheka. Na wifi yake, dada wa mume, alikuwa kwenye chumba cha pili akifundisha hati mkato, sauti yake ikipenya ukuta: "Andika! Usitafakari, andika!"

"Wanafunzi wangu waliajiriwa kila ofisi ya mji huu," alisema. "Ukiingia mahakamani ni wangu. Bandarini, wangu. Barua iliyopigwa na mwanafunzi wangu ningeitambua nikiwa mlangoni, kwa pambizo tu."

Wakili alimwacha aseme. Kwenye karatasi yake, hata hivyo, alikuwa ameandika mwaka mmoja tu, na alama ya kuuliza mbele yake.

"Nani mwingine alikuwepo mlipofunga?" aliuliza. "Mtu wa kuapa. Neno lako peke yako watasema unajitetea."

Mama Taipu akaanza kuzikusanya karatasi zake.

"Wifi uliyemtaja," wakili akasema. "Yu hai?"

"Yu hai. Hatuzungumzi."

Wakili akashusha miwani. "Basi itabidi mzungumze."

Kabla hajaondoka akamuuliza na lile jingine, kwa sauti ya upole zaidi: ile miaka ya mwisho, chuo kikiwa bado wazi, ritani zilipelekwa? Mama Taipu akaeleza kwamba mambo ya kodi aliyabeba mume wake tangu mwanzo. Alipofariki, chuo kiliendelea miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyekumbuka kwenda kokote.

"Hiyo miwili utailipia," wakili alisema. "Na tutaisema wenyewe kabla hawajatuuliza. Ukikubali deni lako la kweli, watakusikiliza unapolikataa la uongo."

Ugomvi wa mawifi wale ulikuwa wa maneno machache. Kompyuta zilikuwa zimeingia mjini, na wanafunzi walianza kupungua mmoja mmoja, wakaja kupungua kwa safu. Wifi alitaka wakope, wanunue kompyuta hata nne, waanze upya. Mama Taipu hakutaka kusikia. Mume alikuwa ameshatangulia, na kila kitu kipya kilichoingia chumbani kilionekana kama kinamfukuza. Siku waliyokaa kulimaliza jambo, wifi alisema, "Hiki chuo ni cha kaka yangu pia." Naye Mama Taipu, kwa uchungu na hasira, akamjibu, "Kaka yako alichonga meza. Na wewe ulikuja hapa kwa kuhurumiwa." Wifi alichukua mkoba wake akaondoka. Jioni ile Mama Taipu alifunga mlango, na chuo hakikufunguliwa tena. Tangu hapo walikutana misibani tu, wakisalimiana kama watu wa foleni moja hospitalini.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwa wifi yake, upande wa pili wa mji, akibisha hodi.

Wifi alifungua. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimemvamia upande mmoja, lakini jicho lilikuwa lilelile la kumpima mtu toka kisigino mpaka utosini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu, wifi."

"Basi umepotea njia."

"Nina shida."

"Hapo sasa umeongea. Ingia, usinijazie inzi."

Wakaketi. Mama Taipu alieleza yote bila kuficha, tangu benki mpaka kwa wakili. Wifi alisikiliza huku akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa, na simulizi ilipofika kwenye habari ya chuo kunona kila mwaka, akaliangusha shati alilokuwa ameshika.

"Kwa hiyo wakati tumenuniana hapa, chuo kinaingiza mapesa?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Na mgao wangu uko wapi? Wifi, umenidhulumu!"

Mama Taipu naye akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka. "Wifi, maneno yale niliyokwambia…"

"Nayakumbuka. Usiyarudie, nisije nikakufukuza." Wifi akaendelea kukunja nguo. Kisha akasema, kama anayeliambia lile shati, "Nilikuja pale kwa sababu kaka aliniomba. Alisema, mke wangu ni mwalimu mzuri lakini hajui kudai ada. Wewe una mdomo, nenda kamsaidie."

"Hakuniambia."

"Angekwambiaje? Ungenuna."

Wakili alikuwa amesema mwenye jengo naye angefaa, kwa hiyo wakaenda pamoja. Mzee mwenye jengo hakuwepo tena duniani, lakini binti yake alilirithi, akawapokea vizuri na kuwaandikia uthibitisho kwamba chumba kilirudishwa, kikakaa tupu, kisha akapangishwa fundi nguo. Aliwaruhusu wapande wakaone.

Ngazi zilikuwa zilezile, na wote wawili, bila kuambizana, waliruka ngazi ya tatu iliyokuwa mbovu zamani. Ilikuwa imetengenezwa. Walitazamana, wakaendelea kupanda.

Cherehani zilijaza chumba sasa, na vitambaa vilining'inia kila upande. Ukuta uliowatenganisha na hati mkato ulikuwa umebomolewa. Mama Taipu alisimama katikati akitafuta kitu cha kushika kwa macho, hakioni. Kisha wifi akamvuta mkono na kumwonesha chini. Sakafu ya saruji ilikuwa imefifia kila mahali isipokuwa pale zilipokuwa meza: vivuli vya pembe nne, vyeusi kidogo, vimepangana safu kwa safu mpaka dirishani. Na mbele ya kila kivuli palikuwa na makovu mawili, pale visigino vya wanafunzi vilipokuwa vikisugua kwa miaka na miaka.

"Hapa alikaa yule binti aliyekuwa akilia kila akikosea," Mama Taipu alisema.

"Aliolewa na meneja. Na hapa yule bwana mkubwa, alikuja kusoma na mwanawe, mwana akamshinda."

"Akataka kuacha."

"Nikamwambia, baba, ukiacha nitamwambia mkeo."

Fundi nguo alisimamisha cherehani yake, akawatazama wanawake wawili watu wazima wakitembea juu ya sakafu yake wakiinama na kunyoosha vidole, kama waliodondosha sindano. Mama Taipu alipiga hatua polepole katikati ya safu mbili, kama alivyokuwa akipita zamani na rula mkononi. Alikumbuka mume wake akija mchana na msumari mdomoni kukaza mguu wa meza, akiinama chini huku darasa zima likiendelea kupiga chapa juu ya kichwa chake. Alikaa pale mpaka wifi akamwambia twende, watu wana kazi zao.

Siku ya kikao, ofisa wa kodi alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, mwenye kalamu tatu alizozipanga sawasawa. Wakili alianza na ile miaka miwili, akaikubali kwa niaba ya mteja wake. Kisha akaeleza ya sanduku la posta, akatoa uthibitisho wa jengo, na kiapo cha wifi.

"Umeapa kwamba chuo kilifungwa siku hii hasa," ofisa alimwambia wifi. "Ni muda mrefu. Unakumbukaje siku?"

"Nilitukanwa siku hiyo, mama. Ningesahauje?"

Wakili akafumba macho. Ofisa akaiweka kalamu chini. "Ulitukanwa na nani?"

"Na huyu hapa."

Ofisa akamgeukia Mama Taipu. Wakili alifungua mdomo ili aingilie, lakini Mama Taipu akatangulia.

"Ni kweli," alisema. "Nilimwambia alikuja kazini kwa kuhurumiwa. Haikuwa kweli, ila nilisema. Yeye akaondoka, mimi nikafunga mlango. Kesho yake ilikuwa arobaini ya jirani yetu wa chini, muuza vitabu, nikaenda peke yangu, watu wakaniuliza wifi yuko wapi. Kwa hiyo siku naijua, dada. Mwaka mzima niliihesabu."

Wifi alikuwa akitazama dirishani, mkono ukiutafuta mkoba uliokuwa mapajani mwake. Ofisa alisoma tena kiapo, akaandika kidogo pembeni, akaandika tena.

"Nimeelewa," alisema. "Mtajibiwa kwa maandishi."

Nje, wakili alivuta pumzi ndefu. "Miaka yangu yote ya kazi," alisema, "sijawahi kuona ushahidi wa aina hiyo."

"Basi unatulipa kwa huo ushahidi?" wifi akamuuliza.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Makadirio ya miaka yote baada ya chuo kufungwa yalifutwa, na faini zake zikaenda nayo. Deni la ile miaka miwili lilibaki, pamoja na riba, na wakili akaombea lilipwe kwa awamu kila mwezi. Akaunti ikafunguliwa. Jiko likaezekwa.

Awamu ile haikuwa pesa ndogo kwa mwanamke wa umri wake, na alipaswa kuipeleka dirishani benki mwenyewe. Wifi akasema hawezi kumwacha aende peke yake, maana hajui kudai hata risiti. Basi kila mwisho wa mwezi walikutana mlangoni pa benki, wakalipa, kisha wakaketi kwenye mgahawa mdogo wa jirani na kuagiza chai. Hapo waliwazungumzia wanafunzi mmoja mmoja: nani alikuwa na vidole vyepesi, nani alikuwa akitoroka kwa kupitia dirisha la choo, nani amekufa. Wakati mwingine walimzungumzia fundi seremala, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, kila mmoja akimpa mwenzake kipande ambacho hakuwa nacho.

Awamu ya mwisho ilipolipwa, karani aliigonga risiti muhuri, akampongeza. Mama Taipu alirudi nyumbani akiwa hana deni la mtu, akashangaa mbona hana furaha aliyoitarajia. Mwisho wa mwezi uliofuata alikaa jikoni kwake asubuhi nzima, amevaa nguo za kutokea, bila pa kwenda.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikipenya ukuta. "Nimesimama hapa benki jua linanichoma."

"Lakini wifi, deni si limekwisha?"

"Kwani deni likiisha na wewe umeisha? Njoo tukanywe chai."