Miti Themanini ya Siku Tatu

Hebu nikuulize: ukisimama juu ya lami saa saba mchana, na viatu vyako ni vya soli nyembamba, unavumilia muda gani kabla hujaanza kuinua mguu huu na kushusha ule? Usiharakishe kujibu. Sinaneno alikuwa akisimama saa nane kwa siku, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne.

Kazi yake ilikuwa kuongoza magari kwenye maegesho ya bustani kubwa ya wanyama, ile ambayo watu hutoka mbali na watoto wao kuja kumtazama simba amelala. Kizibao cha njano, kipenga mdomoni, mikono hewani: njoo, njoo, kata kushoto, hapo hapo. Maegesho yenyewe yalikuwa lami tupu, nafasi za magari mia sita na arobaini, na huoni hata jani. Katikati palikuwa na nguzo moja ya taa. Kivuli cha nguzo hiyo kilikuwa na upana wa viganja viwili, na Sinaneno alisimama ndani yake ubavu-ubavu. Kikisogea, naye anasogea, hata walinzi wa getini walikuwa wakitazama aliposimama ili wajue saa. Ikifika saa sita kivuli kinaingia chini ya nguzo, naye anabaki hana pa kwenda.

Sinaneno silo jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwa sababu tangu utotoni ukimuuliza lolote jibu lilikuwa hilo. Utalala upande wa ukutani au wa mlangoni? Sina neno. Unataka gauni la kijani au la maua? Sina neno. Aliyekuwa akimsemea ni dada yake mkubwa, Mama Miche, na kwa kumsemea miaka yote hiyo alikuwa amezoea hata kumwazia.

Huyu Mama Miche alikuwa na kitalu cha miti nyuma ya nyumba waliyoachiwa na mama yao. Si kitalu cha mchezo. Miche midogo ilikaa kwenye viriba vya plastiki, imepangwa kwa kimo kama watoto wa shule mstarini. Ukutani ilisimama ile mikubwa, themanini kwa hesabu yake, kila mmoja kwenye ndoo nyeusi, mingine imempita yeye mwenyewe kwa urefu. Alikuwa ameiotesha kutoka kwenye mbegu. Kila shina alilifunga kitambaa cha bluu alichochana kutoka kwenye shuka kuukuu la marehemu mama yao, kitambaa laini kisichokata gome, na kila baada ya miezi michache alikilegeza kwa kuwa mti unanenepa. Ukimgusia mti wake kwa kucha alikuwa tayari kukukata jicho mpaka ukajisikia mwizi.

Sasa, wiki mbili kabla ya haya ninayotaka kukusimulia, Sinaneno alianguka. Alikuwa nyuma ya basi la wanafunzi, anamwelekeza dereva arudi nyuma, jua limemkaa utosini. Kipenga kikaangukia mbele, yeye akaangukia nyuma. Dereva hakusikia tena kipenga, akakanyaga breki. Tairi na kichwa cha Sinaneno vilibakiza hatua moja.

Mama Miche alipoambiwa alitaka kula mtu. "Kesho huendi! Utakuja kitaluni ushike mpira wa maji, basi. Nimeshasema."

"Sina neno, dada," akajibu Sinaneno, kitambaa cha maji usoni.

Asubuhi akavaa kizibao chake akaenda kazini.

Siku ya Jumatatu lori lilisimama mbele ya kitalu. Akashuka bwana mmoja mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikono ina makali, akasema anatafuta miti ya kukodi kwa siku tatu, kupamba shughuli. Mama Miche akauliza shughuli gani. "Usijali, mama." Itamwagiliwa? "Usijali." Haitagongwa na viti? "Mama, wewe usijali kabisa." Akatoa karatasi, Mama Miche akatia sahihi kwa ile hati yake ya darasa la saba, herufi moja moja. Miti themanini ikapandishwa lorini akitazama mwenyewe, na lilipoondoka akalipungia mkono, kama anasindikiza maharusi.

Jioni ya pili wakiwa mezani, Sinaneno, ambaye hadithi za kazini hana, akasema tu:

"Wametuwekea miti."

"Wapi?"

"Maegesho. Mkaguzi anakuja kesho. Kanuni za halmashauri zinasema kila magari manane mti mmoja, uwe ardhini, na uzungukwe na udongo wazi, mita moja na nusu kila upande. Bila hiyo hawapati kibali cha kufungua msimu wa likizo."

Mama Miche alifurahi kwanza. "Afadhali! Kumbe wana haya. Wamechimba mashimo makubwa?"

Sinaneno akazungusha kijiko. "Hawajachimba. Wameiweka juu ya lami na ndoo zake, wakaizungushia matofali, wakamwaga mchanga juu. Kwa mbali huwezi kujua."

"Miti yenyewe ikoje?"

"Ina kitambaa cha bluu."

Sitakuandikia yote yaliyotoka kinywani mwa Mama Miche, maana hata sufuria jikoni zilijiinamia. Hasira ile ilikuwa na vichwa viwili. Kimoja kilimtazama yule bwana wa Usijali. Cha pili kilimtazama yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyempungia lori mkono.

"Ulijua tangu jana ni miti yangu na hukuniambia!"

"Ulikuwa umefurahi, dada."

"Na wewe je? Unataka nini wewe? Ukaangwe kama dagaa?"

Sinaneno akaanza kukusanya sahani.

Saa nne asubuhi Mama Miche alikuwa maegeshoni, kanga kiunoni, viatu vyake vya kitaluni vyenye tope. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami kama mvuke wa ugali uliofunuliwa. Mkaguzi wa mipango miji alikuwa ameshaanza. Alikuwa mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa uzi, mkononi ana mchoro na futi ya kamba. Alipima upana wa nafasi za magari. Alipima nafasi pana za karibu na geti, za wale wanaotembea kwa shida. Alitazama kama mabasi yana njia yao mbali na ya watembea kwa miguu. Nyuma yake alitembea Bwana Usijali, kumbe ndiye meneja wa maegesho, akisema "miti themanini, bwana mkaguzi, sitini na saba, sitini na nane, hesabu mwenyewe." Mkaguzi alihesabu akiwa barabarani, hakuna mti hata mmoja aliousogelea.

Sinaneno alikuwa kwenye nguzo yake.

Mama Miche hakumsalimia mtu. Aliufuata mti wa karibu, akaupiga teke ule ukuta wa matofali, akashika shina pale penye kitambaa cha bluu, akainua. Mti ukatoka na ndoo yake, mchanga unamwagika.

"Bwana mkaguzi! Umeshaona mti unaong'oka kama karoti?"

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani kamruhusu huyu mama kuingia?" meneja akafoka.

"Nimeruhusiwa na miti yangu! Imepikwa siku tatu kwenye plastiki nyeusi juu ya lami. Tazama majani yanavyojikunja! Wewe mtu umezaliwa au umenunuliwa dukani? Mdogo wangu ameanguka hapa, basi lilikuwa limkanyage, na wewe unaleta kivuli cha kuazima!"

"Mama, usijali, tutaongea pembeni."

"Usijali mwenyewe! Tangu Jumatatu sijali sijali, mpaka nimekuwa mwizi mwenzio!"

Hapo ndipo meneja alipojimaliza. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliikimbia mbio. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi, akaipunga juu ili watu wote waione.

"Analalamika nini? Alikubali! Sahihi yake hii hapa! Miti themanini, siku tatu, kesho tunarudisha! Karatasi haisemi uongo!"

Mkaguzi akanyoosha mkono taratibu.

"Hebu niione hiyo karatasi," akasema. "Kesho mnarudisha?"

Meneja akaangalia mkono wake kama si wake. Karatasi ikatoka vidoleni. Mkaguzi akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya mchoro, akachukua kalamu, akapiga mstari mrefu kwenye fomu.

"Kibali hakuna," akasema. "Lami itakatwa au hamfungui."

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Lakini aliyeshindwa na mkubwa humtafuta mdogo. Meneja akageukia nguzo.

"Na wewe! Huyu si dada yako? Umemleta aniharibie. Sema hapa hapa, kazi unaitaka au huitaki?"

Walinzi wakatazama chini. Sinaneno alikuwa ubavu-ubavu kwenye kile kivuli chake chembamba, bega moja ndani, moja juani.

"Haitaki!" akajibu Mama Miche. "Kazi yako itie chumvi uitafune! Anaondoka na mimi leo hii, anakuja kitaluni kwangu, penye kivuli na maji. Vua hicho kizibao, mdogo wangu, umtupie!"

Sinaneno hakuvua. Alishika kipenga, akakitia mdomoni, akakipiga, mpigo mmoja mrefu, ule wa kusimamisha basi. Gari lililokuwa likiingia getini likasimama. Meneja akasimama. Mama Miche akabaki mdomo wazi, mti bado mkononi.

"Dada," akasema Sinaneno, "nyamaza kidogo."

Maneno hayo hayakuwa yamewahi kusikika katika ukoo ule.

"Kitaluni kwako sitaki kuja. Sikutaka hata mwaka ule mama alipofariki ukanifungashia nguo kunihamishia huko bila kuniuliza. Kazi hii naipenda. Basi zima la watu linarudi nyuma kwa mkono wangu huu, na hakuna aliyegongwa hapa tangu nianze. Nilianguka kwa sababu ya jua, si kwa sababu ya kazi."

Akamgeukia meneja.

"Na wewe, kila mwaka ukinipa mkataba unaniuliza kama nina neno. Ninalo."

Akatoka kwenye kivuli cha nguzo, akahesabu hatua mbili, akapiga kisigino kwenye lami.

"Nilitaka mti mmoja. Hapa. Mkate lami, mchimbe mpaka udongo uonekane, mti utolewe kwenye ndoo upandwe, na mimi nisimame chini yake nifanye kazi yangu. Huo alioshika dada. Nautaka leo."