Mama Ako kwa Moto

Kaka yangu Robinson alikuwa akitengeneza kauri ya injini za ndege huko Uingereza. Ndani ya injini, alitueleza, kuna joto la kuyeyusha chuma, kwa hiyo mapanga yake madogo hupakwa kauri, aina ya udongo unaochomwa, ili yastahimili. Mama, mfinyanzi wa Usenge tangu usichana wake, alisikia neno moja tu: udongo. Basi kila ndege ikipita kuelekea Kisumu, aliwatambia wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, "Hiyo imebeba udongo wa mtoto wangu!" Wakamcheka, naye akazidi.

Kisha moyo wa Robinson ukaanza kumsumbua. Madaktari wakapanga kumfanyia operesheni Jumamosi, naye akaahidi kumpigia Mama Ijumaa jioni waombe pamoja. Mama hakutaka kingine duniani ila kuisikia sauti ile kwanza.

Ijumaa asubuhi, kwa kushindwa kukaa bure, Mama akawasha moto wa vyungu. Kwetu anayechoma haongei na mtu mpaka moto uzime. Akifungua mdomo, vyungu vitapasuka. Bibi alimfundisha hivyo, naye akatufundisha sisi. Sijui nani alianzisha upuuzi huo, lakini ningempata ningemtukana mbele za watu.

Niliporudi kutoka sokoni mchana, moto ulikuwa umezima na Mama alikuwa akipangusa majivu. Hakuna chungu kilichopasuka.

"Robinson alipiga mapema, sikupokea," akaniambia, amefurahi. "Atapiga tena. Si anajua mimi niko kwa moto?"

Nikapiga mimi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia, nikarudia tena.

Jioni mkewe, Gakenia, akapiga akilia. Robinson alizidiwa ghafla, madaktari hawakungoja Jumamosi, na hakutoka hai katika operesheni. Nilitaka kuificha simu ile, nimfiche Mama mahali habari isimfikie. Lakini alikuwa ameshasikia.

"Alitaka kuniambia nini?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama," Gakenia akajibu kwenye simu. "Mimi nilimwambia apige tena, wakiwa wanamchukua kwa operesheni. Akakataa, akacheka. Akasema, 'Mama ako kwa moto. Akinijibu, vyungu vyake vitapasuka.'"

Mama akaninyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwambie nimemaliza, nyathina, mwanangu," akamwambia Gakenia. "Mwambie apige sasa."