Soksi ya Mguu wa Kulia

Fundi cherehani huyu mtaa mzima walimwita Pedali, maana mashine ya umeme hakutaka hata kuiona. "Nguo ishonwe kwa mguu wa mtu," alikuwa akisema, na mguu wenyewe ulikuwa wa kulia. Basi goti la bandia alilowekewa kwenye mguu huo lilipolegea baada ya miaka kumi na moja, mkewe alijua wazi: mguu ukienda, Pedali naye kwisha habari yake.

Daktari hakuwaficha. Upasuaji wa kubadilisha goti ni mgumu kuliko ule wa kwanza, alisema. Nyuma yake unapita mshipa mkubwa wa damu, na kovu la zamani huenda limeung'ang'ania. Ukiumia, mguu hukosa damu.

"Wewe shona tu, daktari," Pedali akamtania. "Ukikosea, fumua uanze upya."

Wakacheka wote. Laiti wangejua!

Siku ya upasuaji, saa sita mchana, alirudishwa wodini akiwa bado na usingizi wa dawa. Mkewe akapeleka mkono chini ya shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa na joto. Wa kulia, baridi kama bomba la asubuhi. Maskini, akawaza, mguu uliofunguliwa saa zote hizo utaacha kupoa? Akatoa mkobani soksi za sufu alizomfumia mwenyewe, akamvalisha, akamfunika gubigubi.

Muuguzi alipokuja kupima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu, mama wa watu akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. "Ndiyo kwanza ametulia, dada. Mguu nimeshauangalia mimi."

Muuguzi, kazi zimemfika shingoni, akasema atarudi. Jamani! Alirudi saa kumi. Alipovua soksi, vidole vilikuwa vimepauka kama majivu.

Wakamkimbiza tena chumba cha upasuaji. Mshipa uliochanika wakauunga, lakini nyama ilikuwa imeshakufa. Kesho yake mguu ukakatwa juu ya goti.

"Dada, niambie ukweli," mke alimuuliza muuguzi koridoni. "Ningekuachia upime, mguu ungepona?"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Labda, mama. Na mimi sikupaswa kukubali kuondoka."

Mke alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanawa uso, akaingia kwa mumewe akiwa ameazimia kumwambia yote. Pedali alikuwa amefumbua macho, dawa bado zimemlevya.

"Mama watoto," akaita, "mguu wa kulia unaniganda kwa baridi. Nivalishe soksi."

Soksi ilikuwa mkobani. Akaitoa, akainua shuka. Hapakuwa na pa kuivalisha. Akailaza juu ya godoro, pale mguu ulipokuwa ukilala, akafunika.

"Tayari, baba."

Pedali akashusha pumzi. "Afadhali. Hawa wengine hawajui. Mguu wangu unaujua wewe."